Ulimbo wa Fenoli, Soko Lake, na Kazi ya Mikono Yetu

(Maneno aliyoyasema fundi mmoja wa karakana ya mabehewa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Mimi si mwalimu wala si mtaalamu wa kemia. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, nikaingia kazi ya reli, na mengi niliyo nayo nimeyapata kwa kushika spana na kwa kuuliza. Lakini katika mkutano uliopita palitokea maneno makali juu ya zile bloku mpya za breki, na Bwana Katibu akaniambia, "Wewe unayezifunga kila siku, tuambie ni kitu gani hicho." Basi nikasoma nilichoweza kusoma, nikauliza wanaojua, na leo nimeleta niliyoyapata.

Mnayakumbuka maneno yenyewe. Ndugu zetu wa kalibu, ambao kazi yao ni kusubu bloku za chuma, walisema ya kuwa bloku hizi mpya zaja katika masanduku kutoka ng'ambo, ni nyeusi, ni nyepesi, wala si chuma. Na zikienea, tanuri letu litazimwa na wao watakwenda nyumbani. Wakataka chama kizipinge zisiingie kabisa. Wenzetu wa mabehewa wakajibu, "Sisi zatufaa, hazitutegui mgongo." Tukakaribia kugombana sisi kwa sisi, na wakubwa wa kazi hawakuwapo hata kusikia.

Mimi nasema hivi: kabla hatujapinga, na kabla hatujakubali, tujue jina la kitu chenyewe, kimetoka wapi, na ni nani anayekitaka duniani. Mtu asiyejua jina la kitu hawezi kukidai wala kukikataa.

NI KITU GANI

Kitu kinachoshikamanisha bloku hizo huitwa risini ya fenoli. Kwa Kiswahili chetu twaweza kusema ulimbo, maana sote tuliotega ndege utotoni twajua ulimbo ni nini. Lakini huu hautoki mtini. Hupikwa kiwandani kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni fenoli, ambayo zamani iliitwa asidi ya kaboliki. Waliolala bweni la misheni kama mimi wanaijua harufu yake katika ile sabuni nyekundu. Daktari Joseph Lister alianza kuitumia kwa vidonda vya wagonjwa wake mjini Glasgow mwaka 1865, ili visioze. Zamani fenoli ilitolewa katika lami ya makaa ya mawe. Siku hizi nyingi hutoka katika mafuta ya petroli. Kitu cha pili ni fomaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa katika maji huitwa fomalini, dawa ile ya kuhifadhia maiti hospitalini.

Vitu hivi viwili vikichanganywa na kupashwa moto hushikana, maji hutoka, na unabaki ulimbo. Kuna namna mbili. Moja hupikwa pamoja na dawa ya jamii ya magadi, nayo huitwa resoli. Ukizidi kuipasha moto hukauka yenyewe. Nyingine hupikwa pamoja na asidi, nayo huitwa novolaki. Hiyo haikauki kabisa mpaka itiwe dawa nyingine ya kuikausha. Ndiyo maana yaweza kusagwa ikawa unga, ikatiwa magunia, ikasafirishwa mbali.

Sasa sikilizeni tabia yake kuu, maana nitairudia mwishoni. Chukua nta na yai. Nta ukiipasha moto huyeyuka, ukiiacha hukauka, ukiipasha tena huyeyuka tena. Plastiki ya ndoo na ya mifuko iko hivyo. Lakini yai ukilichemsha limekwisha. Hata ulitie motoni mara mia halirudi kuwa maji. Ulimbo wa fenoli ni kama yai. Ukiwa bado laini utautia katika umbo lo lote upendalo. Ukishapikwa katika mashini ya kukandamiza, kwa joto la digrii 150 au 180 hivi, haulainiki tena. Haupitishi umeme, hauogopi maji wala mafuta, wala haushiki moto upesi. Kwa sababu hiyo dunia yautaka.

JINSI SOKO LILIVYOANZA

Mwaka 1872 Mjerumani mmoja mwenye elimu kubwa, Adolf von Baeyer, alichanganya fenoli na vitu vya jamii ya fomaldehaidi, akapata kitu kama lami kilichokwama katika vyombo vyake. Hakukiona na faida, akaendelea na mambo mengine. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule hakuna aliyekihitaji.

Ikapita miaka thelathini na zaidi. Katika miaka hiyo umeme uliingia mijini. Kila waya na kila swichi ilihitaji kitu cha kuzuia umeme usimrukie mtu. Kitu kilichotumika sana kilikuwa lakri, ambayo hutokana na wadudu wadogo wakaao juu ya miti huko India. Lakini wadudu hawaongezi kazi kwa sababu mashirika ya umeme yameongezeka, na bei ya lakri ikapanda.

Ndipo akatokea Leo Baekeland. Huyu alizaliwa mwaka 1863 katika mji wa Ghent, Ubelgiji, mtoto wa fundi viatu, na mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alihamia Marekani, akauza karatasi ya picha aliyoivumbua, akapata fedha, akaanza kutafuta kitu cha kushika mahali pa lakri. Mwaka 1907, huko Yonkers karibu na New York, aligundua ya kuwa siri ni joto pamoja na kukandamiza kwa nguvu, ili ulimbo usitoe mapovu. Aliutangaza mbele ya wataalamu wa kemia mwaka 1909, akauita Bakelite kwa jina lake mwenyewe. Zile simu nyeusi nzito za zamani, na swichi nyeusi za kahawia katika nyumba za zamani za reli, nyingi ni kitu hicho.

Angalieni, ndugu zangu. Kitu kile kile kilikuwa takataka mwaka 1872 na mali mwaka 1907. Kilichobadilika ni haja ya watu. Soko ndilo hilo.

Na soko laweza kugeuka vile vile dhidi ya mtu. Watu wa pwani wanajua sandarusi. Katika karne iliyopita kabla ya ile ya babu zetu, yaani miaka ya 1800, watu wa mrima walichimba sandarusi ardhini, ikapelekwa Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakainunua kwa wingi ili watengeneze vanishi ya fanicha na magari ya farasi. Baadaye sandarusi ya nchi nyingine ilikuja kushindana nayo, kisha viwanda vikaanza kupika vanishi kwa ulimbo wa fenoli na wa aina nyingine. Yule mchimbaji aliyekuwa na jembe lake msituni hakuandikiwa barua. Siku moja mnunuzi hakuja, basi.

Jambo jingine la soko ni hili. Vita vilipoanza Ulaya mwaka 1914, fenoli iliadimika Marekani, maana ilitoka ng'ambo, na Waingereza waliihitaji kwa kutengenezea baruti kali. Thomas Edison, yule wa santuri, aliihitaji kwa ulimbo wa kutengenezea santuri zake, akalazimika kujenga kiwanda chake mwenyewe cha fenoli. Mwaka 1915 ikajulikana ya kuwa ziada ya fenoli yake ilikuwa ikinunuliwa kwa siri kwa fedha za Wajerumani, ili itengenezwe dawa ya aspirini, na isifike kwa Waingereza. Pipa moja, na wateja watatu wanalivuta: mwenye baruti, mwenye dawa, na mwenye santuri. Kwa hiyo bei ya ulimbo haikatwi na ulimbo peke yake. Hata leo mafuta ya petroli yakipanda, fenoli hupanda, na bloku ya breki hupanda nayo.

NANI ANAUTAKA LEO

Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 10 za fenoli kwa mwaka. Karibu nusu huenda kutengeneza plastiki nyingine, zile ngumu zinazopitisha mwanga kama kioo, na rangi ngumu za sakafu na vyuma. Ulimbo wetu huchukua robo au zaidi kidogo. China ndiyo yenye viwanda vikubwa kuliko wote, kisha Marekani, Ulaya, Korea ya Kusini na Japani.

Mteja mkubwa ni mbao. Plaiwudi ya kukaa nje mvuani hugandishwa kwa ulimbo wa fenoli, maana gundi ya kawaida hulainika kwa maji. Nendeni mahali popote Nairobi panapojengwa ghorofa, mtaona zile plaiwudi zenye uso mweusi au wa kahawia zinazoshikilia zege. Uso ule ni karatasi iliyoloweshwa ulimbo wa fenoli, ndiyo maana zege haliung'ang'anii. Watu wakijenga sana, ulimbo huuzwa sana. Ujenzi ukisimama, viwanda vya ulimbo navyo husinzia.

Mteja wa pili ni pamba za kioo na za mawe zinazozuia joto na baridi katika kuta na katika mabomba. Nyuzi zile hushikamanishwa kwa ulimbo huu.

Mteja wa tatu, na hapa ndugu zetu wa kalibu wafungue masikio, ni wasubu wenyewe. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Mjerumani Johannes Croning alibuni njia ya kutengeneza kalibu kwa mchanga uliopakwa ulimbo. Mchanga humwagwa juu ya kiolezo cha chuma chenye moto, ulimbo huyeyuka na kushika, na linabaki ganda jembamba la mchanga, unene wa kidole tu. Maganda mawili hufungwa pamoja, chuma humiminwa ndani, na kitu kinatoka laini hata hakihitaji kuchongwa sana. Viwanda vya magari duniani vinasubu hivyo. Tena zile diski mnazokatia chuma na kusawazishia, na mawe mengi ya mashini ya kunolea, yameshikamanishwa kwa ulimbo huu huu. Kumbe hamkuanza kukutana naye jana, mmekaa naye miaka yote.

Wateja wengine nitawataja upesi: mikono ya sufuria, vibao vya umeme, karatasi zilizokandamizwa za kufunika meza, matairi, karatasi za vichujio vya mafuta katika injini, matofali ya matanuri ya chuma cha pua. Katika Ujerumani ya Mashariki, ambako bati la chuma lilikuwa adimu, walitengeneza mwili wa motokaa ya Trabant kwa mabaki ya pamba yaliyokandamizwa na ulimbo wa fenoli, na zikatoka zaidi ya motokaa milioni 3 mpaka mwaka 1991. Na katika treni za Ulaya, hasa zile ziendazo chini ya ardhi, kuta nyingi za ndani ni nyuzi za kioo na ulimbo huu, kwa sababu moto ukitokea hauwaki upesi na moshi wake ni mchache. Ajali ya moto katika stesheni ya King's Cross, London, tarehe 18 Novemba 1987, iliua watu 31, na tangu hapo watu wa reli waliogopa moshi kuliko walivyoogopa zamani.

MALI ILIYO MLANGONI PETU

Msifikiri ulimbo huu ni mambo ya ng'ambo tu. Ninyi wa pwani mnajua maji meusi ya ganda la korosho, yale yanayounguza midomo ya mtoto anayelitafuna. Maji yale ni ya jamii ya fenoli. Yakipashwa moto hutoa kitu kiitwacho kadanoli, na kadanoli ikipikwa pamoja na fomaldehaidi hutoa ulimbo. Ulimbo huo husagwa ukawa unga, na unga huo hutiwa katika breki za motokaa na za treni ili zishike kwa upole bila kupiga kelele. Nchi ya Tanzania imeuza korosho zake nyingi zikiwa na maganda yake kwa India na Vietnam. Maganda yanapanda meli pamoja na korosho, maji yake yanakamuliwa huko, na sisi twakutana nayo tena hapa, ndani ya bloku, yakiwa na bei nyingine.

Tena kuna miti ya miwati, ile ambayo watu wa Kiambu huiita mithanduku. Dawa ya magome yake, iliyotengenezwa miaka mingi Thika na Eldoret kwa ajili ya kutengenezea ngozi, nayo ni ya jamii ya fenoli. Wataalamu wa Australia na Afrika ya Kusini walionyesha ya kuwa yaweza kushika mahali pa fenoli ya petroli katika gundi ya mbao, nao wakaitumia viwandani. Nataja haya kwa sababu kijana wetu anayeuliza kazi itatoka wapi, ajue ya kuwa sehemu yake hutupwa pamoja na maganda.

BLOKU ZENYEWE

Sasa nirudi kwenye bloku. Ndani yake kuna nyuzi, unga wa chuma, mpira, makaa laini na madini mengine. Ulimbo ni sehemu ndogo, mara nyingi chini ya robo ya uzito, lakini ndio unaovishika vyote. Faida yake ni ya kweli. Ni nyepesi, hudumu muda mrefu, wala haikwaruzi uso wa gurudumu kama chuma, kwa hiyo treni haipigi kelele sana. Huko Ulaya kelele ndiyo iliyoleta soko: Uswisi na Ujerumani zilitoa sheria, na tangu mwaka 2020 mabehewa ya mizigo yenye bloku za chuma yenye kelele hayaruhusiwi kupita ovyo, kwa sababu watu waishio kando ya njia hawalali. Sheria moja, na bloku maelfu kwa maelfu zikabadilishwa. Basi, ndugu wa kalibu, kusema "zisiingie" ni kama kusimama mbele ya treni na kuinua mkono bila bendera. Soko hili halitarudi nyuma kwa ajili yetu.

Lakini faida haiji peke yake. La kwanza, chuma hupokea joto na kulitoa, ila bloku ya ulimbo hupokea kidogo, na joto lote humwendea gurudumu. Katika mteremko mrefu kama ule wa kutoka Uplands kwenda Kijabe, gurudumu laweza kuchemka mpaka likaingia nyufa. Na bloku yenyewe ikipita digrii 300 hivi, ulimbo huanza kuungua na nguvu ya kushika hupungua.

La pili ndilo kubwa zaidi. Bloku hizi si namna moja. Ziko zinazoshika kwa nguvu kuliko chuma, na ziko zilizotengenezwa zishike sawasawa na chuma. Zile za nguvu hazifungwi katika behewa la zamani bila kubadilisha vyuma vya breki, maana zitalishika gurudumu lisizunguke, liburutwe juu ya reli, lifanye bapa. Ukiyachanganya katika behewa moja, upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Kwa macho zafanana. Mwezi mmoja nilipewa sanduku lenye bloku za namna mbili, alama zimefutika, nikaambiwa, "Funga tu, zote ni breki." Sikufunga. Nilizirudisha stoo, nikaitwa mkaidi. Mimi nina watoto, na dereva wa treni ile naye ana watoto.

VUMBI

Neno hili ni zito kwangu, lakini nitalisema.

Nilipoanza kazi, mahali pengine, si hapa, nilikuwa chini ya fundi mmoja mzee. Aliniita mwanangu, na yote niyajuayo katika breki ni yeye aliyenifundisha. Kazi yetu ilikuwa kutoboa na kusawazisha vitambaa vya breki, kisha kupuliza vumbi kwa bomba la hewa. Vumbi lilikuwa jembamba kama poda ya mtoto. Lilikaa katika nywele, katika chai, katika kola ya shati. Mzee alikuwa akicheka, "Hili ndilo manukato yetu."

Baadaye alianza kukohoa. Alipotoka kazini hakuweza kupanda kilima cha kwake bila kukaa chini mara tatu. Daktari akamwuliza, "Ulifanya kazi na vumbi gani?" Akajibu, "La breki." Daktari akasema, "Breki za kitu gani? Zilikuwa na asbesto?" Mzee hakujua. Tukaandika barua mahali pale pa kazi kuuliza jina la vifaa vilivyotumika miaka ile. Jibu likaja ya kuwa hakuna karatasi zilizowekwa. Basi hakuna aliyeweza kuthibitisha cho chote, na mzee akafa bila senti moja ya fidia.

Karatasi zilikuwapo, ndugu zangu. Zilikuwa zimebandikwa juu ya masanduku. Mimi ndiye niliyekuwa kijana wa chai, na mimi ndiye niliyeyavunja masanduku yale na kuyatia motoni kuchemshia maji. Hakuna aliyeniambia nisome kwanza. Kila nikikumbuka hayo moyo waniuma.

Miaka mingi breki za dunia nzima zilitengenezwa kwa asbesto iliyoshikwa na ulimbo wa fenoli. Asbesto ndiyo muuaji mkubwa. Ugonjwa wake waweza kungoja miaka 20 hata 40 kabla haujatokea. Nchi za Ulaya zimeipiga marufuku, na bloku mpya husemwa hazina asbesto. Vema, lakini tusomewe karatasi. Ulimbo uliokwisha kupikwa wenyewe hauna neno kubwa, ila vumbi lake si chakula. Ulimbo mbichi ni habari nyingine. Fenoli yaunguza ngozi na mara ya kwanza husikii maumivu, maana huua hisia. Ioshe mara moja kwa maji mengi wala usingoje kusikia uchungu. Mvuke wa fomaldehaidi huchoma macho na koo, na tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu kati ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Kwa hiyo ndugu wa kalibu wakiletewa mchanga wa ulimbo, feni ya kuvuta moshi ije kwanza, mchanga ufuate.

TUFANYE NINI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sisi twazidi 20 mara nyingi. Basi naomba mkutano huu ukubali mambo manne, yapelekwe na Bwana Katibu.

Kwanza, jina. Kila shehena ya bloku, ulimbo au mchanga iletwe na karatasi yake ya kueleza vilivyomo. Nakala moja ibandikwe karakana kwa Kiswahili, na moja iwekwe katika ofisi ya chama, isichomwe hata baada ya miaka 40.

Pili, vumbi. Bomba la hewa likatazwe katika kazi ya breki. Paletwe mashini ya kuvuta vumbi, au vitambaa vya maji, na vifuniko vya pua vilivyo vya kweli. Nguo za kazi zifuliwe kazini, tusiwapelekee wake zetu na watoto vumbi nyumbani.

Tatu, breki. Bloku za namna mbili zisikae sanduku moja, na kila behewa liandikwe ubavuni linakubali bloku gani. Fundi anayekataa kufunga asichokijua asiitwe mkaidi.

Nne, kalibu. Kabla ya mkataba wa bloku mpya kutiwa sahihi, wakubwa wa kazi wakae nasi waseme tanuri litafanya nini. Wasubu wafundishwe njia ile ya ganda la mchanga, maana reli bado yahitaji vyuma vingi vya kusubu ambavyo si bloku, na vingi vyake twaviagiza. Mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya sanduku alilolipakua yeye mwenyewe.

Niliwaambia nitarudi kwenye tabia ya ulimbo. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ulimbo ukiwa laini utaukunja upendavyo. Ukishapita katika joto, umekwisha, wala hakuna moto wa kuurudisha. Mkataba nao ni hivyo. Leo bado ni mbichi, haujatiwa sahihi. Tukiendelea kubishana kalibu na mabehewa, utapikwa bila sisi, na tutabaki kuugonga kwa nyundo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwenye swali aulize, na nisilolijua nitalitafuta mpaka mkutano ujao.

(Baada ya maneno haya wanachama wa kalibu waliuliza habari za mafunzo, na wa mabehewa wakauliza habari za vifuniko vya pua. Mambo yote manne yalikubaliwa kwa kuinua mikono. Wanachama wanaombwa kuanzia sasa wasichome masanduku ya vifaa, bali wabandue karatasi zilizo juu yake na kumpa mjumbe wa karakana.)